Kamera Mbili za Saada

Nurdini alizipata habari za safari ya mwanawe kwa mteja, na hilo peke yake lilitosha kumharibia wiki nzima. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mmoja wa Nachingwea, anampima urefu wa sketi, mama yule akamwambia kwa furaha, "Hongera, fundi. Nasikia Saada naye yumo kwenye wale watoto wa klabu wanaopelekwa baharini."

"Ndiyo, yumo," alisema Nurdini, pini zikiwa mdomoni, kama mtu aliyekuwa analijua jambo hilo siku nyingi.

Hakuwa analijua. Yeye alikaa Ruangwa, na cherehani yake kwenye baraza la duka la nguo jirani na soko. Saada, mtoto wake wa pekee, alikaa Nachingwea kwa mama yake, Sikudhani, na mume wa pili wa mama yake, bwana mmoja afisa ugani wa kata ya Lionja aitwaye Twalha. Talaka alikuwa ameitoa Nurdini mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya kaka zake Sikudhani, kwa hasira ya ugomvi ambao sasa hata yeye alishindwa kuueleza vizuri. Hasira ilipompoa, eda ilikuwa imekwisha na Twalha ameshapeleka posa. Nurdini alipenda kuwaambia watu kwamba bwana yule alikuwa amesimama nje ya mlango siku zote, viatu amevaa, anangoja tu yeye akosee.

Mteja alipoondoka alimpigia Saada.

"Nilitaka nikupigie Jumapili, baba," Saada alisema, na papo hapo maneno yakaanza kumwagika. Klabu ya mazingira imepata wafadhili. Watapelekwa Msimbati, kule Mtwara, kuona matumbawe na samaki. Hawazami chini, la, wanaelea tu kifudifudi, uso ndani ya maji, wamevaa miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia limetokeza juu. Mwalimu Lusiana amekuwa akiwafundisha kwenye bwawa la nyumba ya wageni. "Mara ya kwanza nilikunywa maji mpaka nikatapika. Sasa naelea, baba. Nikitulia naelea kabisa."

"Na mimi naambiwa na wateja."

Saada akasema kwamba mwenye kamera ya kuingia majini anaruhusiwa kwenda nayo, maana picha zitatundikwa shuleni siku ya wazazi, na kwamba baba mdogo amesema atamtafutia isiyo ghali.

"Baba mdogo nani?"

"Baba mdogo Twalha."

"Baba mdogo ni ndugu yangu mimi, Saada. Huyo si ndugu yangu. Mwambie aache. Kamera nitanunua mimi."

Jioni ile ile alikwenda kwa Kipriani, kijana wa duka la simu mtaa wa pili. Kipriani alimtandikia mezani alichokuwa nacho. Kulikuwa na mfuko wa plastiki wa kuvalisha simu, ambao Nurdini aliusukuma pembeni bila kuushika. Kulikuwa na kamera ndogo nyeusi, kama kiberiti, inayokaa ndani ya kikasha kigumu cha plastiki angavu, na katoni yake imejaa vifungio vya kila namna. Juu ya katoni mzungu alikuwa anaogelea na papa.

"Huyo anayekwenda kuitumia ni mzoefu wa maji?" aliuliza Kipriani.

"Ni binti yangu."

"Ameshawahi kupiga picha majini?"

"Wewe unauza kamera au unahoji watu?"

Kipriani alicheka. Alikuwa amezoea watu wa namna hiyo. "Nauliza kwa sababu hii nyeusi inawafaa zaidi watu wa pikipiki, mzee wangu. Wanaifunga kwenye kofia. Majini mpaka uifungie humu ndani, na vitufe vyake vigumu. Anayeanza mikono inamtetemeka. Juzi tu alipita hapa bwana mmoja na binti wa shule, wakashinda dukani. Binti alitaka ndoo ya maji, akalowesha mikono, akafumba macho, akawa anabonyeza kila kamera bila kuangalia. Hii wakaikataa. Wakataka niwaagizie ya mitumba kwa rafiki yangu wa Mtwara, ile ambayo yenyewe haiogopi maji, vitufe vikubwa hivi. Si ya kwenda chini sana, lakini mtu anayeelea juu anakwenda chini kufanya nini?"

Nurdini aliuliza taratibu, "Bwana gani huyo?"

"Afisa mmoja, ana pikipiki ya serikali. Wa huko Nachingwea."

Kutoka mlango wa Kipriani mtu akinyoosha shingo analiona baraza la fundi Nurdini. Saada alikuwa amesimama hapa juzi, mikono imelowa, na hakuvuka barabara kuja kumsalimia baba yake. Nurdini aliichukua ile katoni ya mzungu na papa.

"Nifungie hii."

"Mzee wangu, nimekwambia..."

"Nimekusikia. Nifungie hii hii."

*

Jumapili alipanda gari la Noah la asubuhi kwenda Nachingwea. Amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, na katoni ameipakata mapajani. Wiki hiyo alikuwa ameshona sare za shule mfululizo, na hata baada ya kujikung'uta nyuzi za kijani zilikuwa bado zimemganda kwenye mikono ya shati.

Alimkuta Sikudhani uani, anapepeta ufuta. Hakusimama.

"Karibu. Kiti hicho hapo."

"Saada yuko wapi?"

"Anakuja. Hukusema kama unakuja."

"Nimekuja kumwona mwanangu. Nako kuna kibali?"

Ungo uliendelea kupanda na kushuka. "Hatujaanza hata kusalimiana vizuri, Nurdini," alisema Sikudhani.

Twalha alitoka ndani, mrefu, shati la nyumbani, akampa mkono. Walishikana mikono kama watu wanaopokezana kitu cha moto. Saada akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba, akampa baba yake shikamoo, na alipoiona katoni uso wake ukabadilika kwa namna ambayo mtu asiyemjua asingeiona. Nurdini aliiona.

"Nimekuletea kamera."

"Asante, baba."

"Ifungue."

Aliifungua. Akaitoa ile kamera nyeusi, akaigeuza, akashukuru tena. Sikudhani aliacha kupepeta. Twalha alikuwa anaangalia ardhi, na kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa na kitu ambacho Nurdini aliapa moyoni kuwa ni kicheko.

"Mlifika Ruangwa," alisema Nurdini.

Twalha aliinua macho.

"Nakuuliza, Saada. Ulifika Ruangwa, ukasimama dukani kwa Kipriani, ukarudi zako?"

"Tulitaka kuja, baba. Tulipochungulia tukaona unagombana na mteja. Ulikuwa umeshika suruali yake unaipigapiga mezani." Sauti yake ilishuka. "Nikasema tuje siku nyingine."

"Nani alisema mje siku nyingine? Wewe au huyu?"

"Amesema yeye," alisema Twalha. "Mimi ndiye niliyesema twende tukusalimie. Muulize."

"Wewe sijakuuliza."

"Lakini unanitaja."

Sikudhani aliweka ungo chini. "Saada, lete ndoo ya maji na hiyo kamera nyingine. Mtoto azijaribu zote mbili hapa mbele yetu, achague mwenyewe, yaishe. Mimi nina ufuta wa kupepeta."

Ndoo ikaletwa. Kamera ya Twalha haikuwa na uzuri wowote wa kutazama. Ilikuwa ya mitumba kweli, nyekundu iliyochakaa kwenye pembe, na kwenye mkanda wake wa mkononi kulikuwa na boya dogo la njano. Saada aliifungia kwanza ile nyeusi ndani ya kikasha chake, akaizamisha. Maji hayakuingia, na Nurdini akainua kidevu. Lakini kubonyeza kukawa kazi. Saada alisukuma kitufe kwa dole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe, kamera ikageukia ukuta wa ndoo, na alipoitoa picha ilikuwa ya vidole vyake mwenyewe. Alijaribu tena. Mara ya tatu ikamteleza ikazama chini kwa kishindo kidogo cha plastiki.

"Hapa ni ndoo," alisema kwa upole. "Kule ikiniponyoka imekwenda, baba."

Ile nyekundu alipoiachia ilining'inia kwenye boya lake juu ya maji. Akaishika, akafumba macho, akabonyeza, akabonyeza. Picha zilikuwa za kokoto alizotupia ndani ya ndoo, na zilionekana.

"Hata muuzaji alituambia, ile ni ya watu wa pikipiki," alisema Twalha.

"Mwenye duka anajua kuuza. Hakusomea bahari."

"Na wewe ulisomea?"

"Twalha," alisema Sikudhani.

"Nauliza tu. Mtu amenunua kitu kwa kushindana, mtoto aende akahangaike nacho majini ili sisi tuonekane tuna heshima? Mimi siwezi kunyamaza."

Nurdini alimgeukia Saada. "Unachukua ipi?"

Saada alikuwa na miaka kumi na sita, na alijua kuwa jibu lolote lingekuwa baya. "Nitachukua hii nyekundu kwa majini," alisema. "Na hii yako nitapigia picha kwenye boti, baba. Kule juu. Itanifaa sana juu."

Alikuwa amejitahidi. Lakini Nurdini alilisikia neno lile kama mtu aliyepewa ukoko baada ya wageni kula. Akaichukua kamera yake mikononi mwa mwanawe, akairudisha katonini pamoja na vifungio vyake vyote, kimoja kimoja.

"Juu hata simu inapiga," alisema.

Hakuondoka. Kuondoka wakati ule kungekuwa kumwachia Twalha uwanja. Akakaa pale pale, mikono magotini, akalazimika kusikiliza bwana yule akimfundisha mtoto wake. Twalha alifungua kifuniko cha betri cha ile kamera nyekundu, akamwonyesha Saada mpira mwembamba uliozunguka ukingo wake.

"Ulinzi wote uko hapa. Kila unapotaka kuingia, fungua, futa kwa kitambaa laini, angalia, funga. Mchanga, unywele, hata kiuzi, chochote kikikaa juu ya mpira huu, maji yanapita. Na ukitoka baharini uioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema tena."

Saada akarudia kama anavyorudia darasani. Wakacheka wote wawili. Sikudhani naye akatabasamu akiwa ameuinamia ufuta wake, na Nurdini aliliona tabasamu lile. Aliwahi kulijua.

Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa, Twalha akanawa miguu, akamwambia Nurdini, "Twende msikitini."

"Mimi ni msafiri. Nitaswali nikifika."

"Haya," alisema Twalha, akatoka.

Sikudhani alikwenda jikoni kugeuza ugali, Saada akamfuata na sahani. Kamera nyekundu ilibaki juu ya stuli, mkanda wake wa boya unaning'inia. Nurdini aliitazama. Baadaye alijiambia kuwa hakuwa amepanga, na hilo lilikuwa kweli, lakini mikono yake ilikuwa mikono ya fundi na ilijua kufanya kazi ndogo kwa haraka. Alibandua uzi wa kijani kwenye mkono wa shati lake, akaukata kwa meno kipande kifupi, akafungua kifuniko cha betri, akaulaza uzi juu ya mpira, akafunga. Kifuniko kikalia tik kama kawaida.

Sikudhani alipotoka na chakula, alimkuta amesimama, katoni kwapani.

"Huli?"

"Gari zitaniacha."

"Gari zipo mpaka jioni."

"Basi kula na mumeo," alisema, akatoka.

*

Ruangwa alirudi na hasira zile zile, na juu ya hasira kukawa na kitu kingine alichokataa kukipa jina. Alimkatia mwalimu mmoja kola vibaya akamlaumu mwalimu kuwa ana shingo fupi. Aliwafukuza watoto waliokuja kuomba vitambaa vya mpira wao. Akaipeleka ile kamera nyeusi kwa Kipriani.

"Nirudishie."

"Imeshaingia maji, mzee wangu. Siwezi kuiuza kama mpya."

"Imeingia kwenye ndoo tu."

"Ndoo nayo ni maji."

Nurdini hakuondoka. Alisimama akichezea mkufu wa funguo uliotundikwa pale. "Ile nyekundu," alisema, "ikipata maji ndani inakuwaje?"

"Ya kisimani unaweza kuikausha. Ya bahari basi tena. Chumvi inakula ndani kwa ndani." Kipriani alikuwa anafungua simu ya mtu na bisibisi. "Betri nayo inaweza kuchemka. Siyo mlipuko wa kwenye filamu, lakini mkononi utaisikia. Mtu ambaye ameanza juzi kuogelea, akishtuka ndani ya maji, ndiyo unapata tabu."

"Tabu gani?"

"Si anavuta pumzi kwa bomba? Akishtuka anageuza kichwa, bomba linaingia maji, anayameza." Akainua macho. "Kwani vipi, imeharibika?"

"Haijaharibika," alisema Nurdini.

Alipofika barazani pake alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Alijua kuwa wanasafiri Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa siku ile. Alipiga simu ya Saada, haikupatikana. Akakaa. Mteja akaja, akamwambia arudi kesho. Akapiga tena, haikupatikana. Basi akapiga namba ambayo hakuwa ameipiga kwa miaka.

"Unataka nini?" alisema Sikudhani.

"Saada yuko wapi?"

"Wameondoka asubuhi. Simu zao anazo mwalimu Lusiana, wanapewa jioni kwa dakika chache. Kuna nini?"

Ilikuwa nafasi yake. Angesema sentensi moja tu, na yote yangeishia hapo, aibu ikawa yake na mtoto akawa salama. Alifungua mdomo. Nyuma ya sauti ya Sikudhani alisikia sauti ya Twalha ikiuliza, "Nani huyo?" na Sikudhani akijibu, "Ni huyu Nurdini," kwa namna mtu anavyotaja mvua iliyoanza nguo zikiwa zimeanikwa.

"Mwambie asafishe ule mpira," alisema Nurdini.

"Mpira gani?"

"Wa kamera. Kwenye betri. Aufute vizuri kabla hajaingia."

"Twalha ameshamfundisha, ulikuwepo. Ndicho ulichopigia?"

"Ndicho."

"Haya," alisema Sikudhani, akakata. Nurdini akajiambia kuwa ameshaonya. Alilirudia jambo hilo jioni nzima, na kila alipolirudia lilipungua uzito.

*

Walikuja wiki iliyofuata, mama na mwana, siku ya gulio. Nurdini aliwaona wakishuka kwenye bodaboda mbili, na alipoona kuwa Saada anatembea mwenyewe, mzima, mkoba begani, moyo wake ulifunguka hata akasahau kuogopa. Akasimama. Saada akampa shikamoo, akakaa kwenye benchi la wateja. Sikudhani hakukaa.

"Nina swali moja," alisema. "Ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Alhamisi ulinipigia. Miaka yote hii hujawahi kunipigia hata mtoto alipolazwa na malaria. Ukanipigia kuniambia habari ya mpira wa kamera. Ijumaa asubuhi mtoto anaingia majini, kabla hata hajapiga picha ya tano anaona tone la maji limekaa nyuma ya kioo. Akashtuka. Akageuka kutafuta boti, bomba likajaa maji, akayanywa. Mwalimu Lusiana na bwana wa boti ndio waliomvuta, amelegea, anakohoa. Walipofungua ile kamera wakakuta uzi." Alikuwa anaongea polepole, bila kupaza sauti, na wauza nyanya wa jirani walikuwa wameacha kupanga mafungu yao. "Saada kaniambia kama kitu cha kuchekesha. Mama, uzi tu, labda wa sare yangu. Sare yake ni ya bluu, Nurdini. Nikauliza ulikuwa wa rangi gani, akasema wa kijani, kama zile nyuzi za shati lako Jumapili ile."

"Nyuzi ziko kila mahali."

"Ziko. Ndiyo maana nimekuja kuuliza. Uliangukia mle au uliwekwa?"

Angeweza kusema uliangukia. Alimtazama Saada, akitegemea kuwa atakuwa ameinamisha uso. Hakuwa ameinamisha. Alikuwa anamtazama baba yake moja kwa moja, na ndipo Nurdini alipoelewa kuwa mtoto huyu amesafiri kutoka Nachingwea akitumaini mama yake amekosea.

"Niliuweka," alisema.

Sikudhani alimwekea Saada mkono begani.

"Sikufikiri... Nilitaka isifanye kazi tu. Nilipiga simu."

"Ulipiga simu ukaniambia asafishe mpira."

"Ndiyo."

"Kama daktari, kumbe ugonjwa umeuleta wewe."

Ni Saada aliyesema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa nini sikuufuta mimi? Nilifundishwa. Ile asubuhi kila mtu alikuwa ameshaingia, nikaona nimechelewa, nikasema ni safi, si nimeufuta nyumbani." Alikuwa anajilaumu yeye. Kisha akageuka. "Ulitaka nizame, baba?"

"Sikutaka uzame. Nilitaka izime."

"Mimi ndiye niliyekuwa nimeishika."

Mkono wa Nurdini ulipapasa meza, ukashika makasi, ukayaachia.

"Kamera iliharibika?" aliuliza hatimaye.

"Mwalimu aliiosha kwa maji ya chupa, akaikausha siku nzima. Jumamosi ikawaka. Picha zake zina ukungu upande mmoja." Saada aliufunga mkoba aliokuwa ameanza kuufungua. Ndani alikuwa na kamera, na Nurdini aliona kipande cha lile boya la njano kabla zipu haijafungwa. "Nilikuja nayo nikuonyeshe picha. Mama alisema tusubiri kwanza utasema nini."

"Nionyeshe."

"Sitaki," alisema Saada.

Akasimama. Sikudhani alimwambia Nurdini kitu kimoja tu cha mwisho, kwamba Twalha hajui bado, kwamba atamwambia leo usiku, na kwamba asikanyage uani kwake mpaka aitwe. Wakavuka barabara. Mmoja wa wauza nyanya alimuuliza kulikoni, fundi, naye akamwambia auze nyanya zake.

*

Hakuitwa. Twalha hakuja kumpiga kama alivyotarajia, na kwa namna fulani angependelea aje. Kilichokuja ni ujumbe mfupi wa simu: *Nimeambiwa. Sina la kukuambia.* Nurdini alikaa nao mwezi mzima bila kuufuta. Ile kamera nyeusi alimpa mwendesha bodaboda mmoja wa Nkowe, bure, na kijana yule akaifunga kwenye kofia yake na kumshukuru kila alipopita mpaka Nurdini akamwomba aache.

Siku ya wazazi ilipofika, alikwenda. Hakuna aliyemwalika, lakini shule ilikuwa ya serikali na yeye alikuwa mzazi. Mlangoni mwa darasa lililotundikwa picha walikuwa wamesimama wajumbe wa kamati ya wazazi, na mmoja wao alikuwa Twalha, amevaa beji. Walitazamana. Watu wawili watatu nyuma ya Nurdini walikuwa wanangoja kupita.

"Umekuja," alisema Twalha.

"Nimekuja kuona picha."

"Saada akikuomba utoke, utatoka?"

"Nitatoka."

Twalha alimwangalia kwa muda, hakuna hata chembe ya msamaha usoni mwake, kisha akasogea upande kidogo, kiasi cha mtu kupita kiubavu. Nurdini akapita, mabega yao yakagusana.

Picha zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Miguu ya wanafunzi imekatika magotini na maji. Samaki wenye mistari, wengi wao mikia tu. Nyasi za chini ya bahari zimelala upande mmoja. Baadhi zilikuwa na ukungu kwenye kona, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na hizo hakuhitaji kuuliza ni za nani. Saada alikuwa amesimama kando ya picha hizo na fimbo ya kuonyeshea, anawaeleza wazee wa kutoka Mnero ambao mmoja alikuwa anatafsiriwa na mwenzake kwa Kimwera. Alimwona baba yake. Fimbo ilisimama.

"Shikamoo," alisema. Hakuongeza baba.

"Marahaba."

Akaendelea na wageni wake. Nurdini alisogea akasimama nyuma ya wazee wale, akasikiliza pamoja nao jinsi mtu anavyopaswa kusogea karibu na samaki bila kumfukuza, na kwa nini picha bora ni za asubuhi, jua likiwa limeingia majini. Wazee walipohamia ukuta mwingine alibaki peke yake mbele ya picha moja ya kitu cha zambarau, duara, kilichojikunja.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

Saada alikitazama kitu kile, hakumtazama yeye. "Ni tumbawe," alisema, kwa sauti ile ile aliyowaelezea wazee wa Mnero. "Watu wanadhani ni jiwe. Ni mnyama, yuko hai. Haruhusiwi kuguswa."

"Na hii uliipiga siku gani?"

"Jumamosi. Nilirudi majini."

Mgeni mwingine alikuwa amefika nyuma yao. Saada akamwomba Nurdini asogee kidogo, mama yule apate kuona, naye akasogea.